Maswali ya Wasomaji: Mpenzi wa Kwanza Anaporudi Riwayani

Katika toleo lililopita tulizungumzia riwaya tulivu za mapenzi, yaani zile ambazo hazina mauaji wala utekaji nyara, na ambazo mlango wa chumba cha kulala hufungwa kabla msomaji hajaingia. Barua nyingi mlizotuandikia baada ya hapo zimehusu kisa cha aina moja: watu wawili waliopendana ujanani, wakatengana, kisha wakakutana tena wakiwa watu wazima wenye historia zao. Wengine wenu mnazisoma riwaya hizo, wengine mnajaribu kuziandika, na mmoja ameingia matatani nyumbani kwake kwa sababu yazo. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Wahusika wangu walipendana wakiwa na umri wa miaka 18. Kijana alimwandikia msichana barua ya kumwomba waonane kabla hajasafiri kwenda masomoni, lakini mdogo wake msichana akaipoteza barua hiyo njiani, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake amemtupa. Wanakutana tena baada ya miaka 20. Rafiki yangu aliyeusoma mswada ameniambia kwamba tangu barua ilipopotea hakuamini tena hata ukurasa mmoja. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, rafiki huyo mtunze, kwa maana amekuonyesha mahali hasa penye ufa. Barua kupotea si ajabu, na sadfa moja mwanzoni mwa kisa haijawahi kuua riwaya. Tatizo la barua yako ni kwamba imefanya kazi yote peke yake. Kama kilichowatenganisha wahusika ni karatasi tu, basi kitakachowapatanisha ni mazungumzo ya dakika tano. "Nilikuandikia." "Sikuipata." Hapo kisa kimekwisha, na wewe bado una kurasa mia mbili za kujaza. Bila shaka umezijaza kama waandishi wengi wanavyozijaza, kwa kuwazuia wahusika wasizungumze: kila mmoja anapotaka kueleza, simu inaita, mgeni anabisha hodi, au mvua inaanza kunyesha. Msomaji huvumilia mara ya kwanza na ya pili, kisha huanza kuwaona wahusika kuwa wajinga, ilhali kosa si lao.

Sababu ya kutengana inayoweza kubeba riwaya nzima ni ile inayotoka ndani ya tabia za wahusika: woga, kiburi, utiifu kwa wazazi, tamaa ya kufika mbali, au ule ujana usiojua bado thamani ya kilichomo mkononi. Mfano ambao haujachuja hadi leo ni riwaya ya Jane Austen iitwayo Persuasion, iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Anne Elliot, akiwa na umri wa miaka 19, anakubali kuolewa na Frederick Wentworth, afisa wa jeshi la majini asiye na mali wala jina. Kisha, kwa ushauri wa bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yake, anauvunja uchumba. Baada ya zaidi ya miaka saba Wentworth anarudi akiwa tajiri, na kinyongo chake hakijapoa. Hapana barua iliyopotea hapo. Anne aliamua mwenyewe, na ushauri alioufuata haukuwa wa kipumbavu, kwa sababu bwana huyo kwa wakati ule kweli hakuwa na kitu.

Lakini kinachonivutia zaidi ni ungamo la Wentworth karibu na mwisho wa kitabu. Mwaka 1808, alipokuwa ameshapata fedha kiasi na kukabidhiwa meli ya kuongoza, aliwaza kumwandikia Anne ili waurudie uchumba wao, na kiburi kikamzuia. Sasa anagundua kwamba laiti angeandika, angekubaliwa. Hiyo ni barua ambayo haikuandikwa, na uzito wake unazidi wa barua yoyote iliyopotea, kwa kuwa mwenyewe hawezi kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Tazama pia jinsi mambo yalivyogawanyika: hadi kufikia ukurasa huo tulidhani kwamba mwenye deni ni Anne peke yake, kumbe miaka ile yote ilipotezwa na wote wawili.

Kwa hiyo usimfukuze yule mdogo wake msichana. Mwache aipoteze barua, lakini ujiulize kwa nini msichana hakuuliza. Je, alikuwa na hakika kwamba ataachwa, hata kimya kilipokuja akakipokea kama jambo alilokuwa akilitarajia? Au, ukiwa na ujasiri, mwache aipate barua, aisome, avae viatu, kisha avivue. Mhusika aliyevivua viatu kwa hiari yake ana jambo zito la kueleza miaka 20 baadaye, na hataweza kulieleza kwa dakika tano.

Kuna jambo jingine ambalo rafiki yako hakulitaja, nami nalitaja kabla wasomaji wako hawajalitaja. Siku hizi kumtafuta mtu kwa jina lake kwenye mitandao ya kijamii ni kazi ya muda mfupi tu, na msomaji yeyote atauliza kwa nini watu wawili wanaodai kwamba hawakusahauliana hawakuwahi kutafutana. Waandishi wengi hulikwepa swali hili kwa kumfanya mhusika kuwa mtu asiyependa simu, jambo ambalo halimridhishi mtu. Mimi ningelitumia. Mmoja wao alitafuta, na alipata. Aliiona picha, akaona mtoto aliyepakatwa, akaona mkono wa mtu mwingine begani, akafunga simu na hakumwambia yeyote. Watakapokutana atajifanya kwamba hajui lolote kuhusu maisha ya mwenzake, na itambidi achunge ulimi wake asije akalitaja jina la mtoto ambalo hajaambiwa. Hapo una taharuki ya sura tatu bila mtu yeyote kubisha hodi.

SWALI: Mhariri, nakuletea aya yangu ya kukutana kwa wahusika, Salma na Idi, baada ya miaka 15. Naomba uikosoe bila huruma: "Moyo ulimdunda kama ngoma. Machozi yalimbubujika kama chemchemi. Ulimwengu mzima ulisimama, na miaka yote ile ikayeyuka. Alikuwa yule yule, hajabadilika hata kidogo. 'Ni wewe!' akasema kwa sauti ya kutetemeka. 'Ni mimi,' akajibu. Wakakumbatiana kwa muda mrefu."

JIBU: Umeomba mwenyewe. Ngoma na chemchemi tuziache, kwa sababu hata ukizifuta aya haitapona. Ugonjwa wake umo katika sentensi ya nne: "hajabadilika hata kidogo." Umetumia sura kadhaa kutueleza kwamba miaka 15 imepita, na hapa, kwa maneno machache, unaifuta yote. Kama Idi hajabadilika, Salma hana la kugundua, na sisi wasomaji hatuna sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Furaha ya kisa cha namna hii ni kuwaona watu wawili wakipima, kidogo kidogo, ni nini kilichobaki cha yule waliyemjua, na ni kipi kigeni, na kama hicho kigeni kinapendeka pia.

Kisha, watu walioachana kwa maumivu hawakumbatiani mara tu wanapoonana. Kwa kawaida husema jambo dogo lisilo na maana, halafu wakajuta kulisema. Nimejaribu kuiandika upya aya yako. Si lazima uitumie:

"Alimtambua kwa mikono ya shati: wa kushoto ulikunjwa juu kuliko wa kulia, kama zamani. Ndevu zilikuwa ngeni kwake, na mvi chache zilizokuwa kidevuni pia. 'Umeanza kuvaa miwani,' Salma akasema, na papo hapo akatamani angesema jambo lingine lolote. 'Ya kusomea tu.' Idi aliivua akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. 'Wewe bado unatembea haraka.' 'Nimechelewa,' Salma akasema. Ilikuwa kweli, lakini hakuondoka."

Hapana moyo unaodunda humo, na natumaini unausikia. Mkunjo wa shati ndio uliobaki. Ndevu na miwani ndivyo vilivyoongezeka. Na Idi, kwa kutaja mwendo wa Salma, amekiri bila kujua kwamba naye alikuwa akikumbuka. Angalia vilevile kwamba katika aya yako ya kwanza sikuweza kujua ni nani aliyesema "Ni wewe" na ni nani aliyejibu. Vitenzi vyetu havitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo katika onyesho la watu wawili "akamtazama" na "akamshika" humpoteza msomaji upesi. Usione haya kurudia majina, na pale jina linapochosha, kitendo kinachomhusu mmoja tu, kama kufuta miwani, kitakusaidia.

Usivunjike moyo kwa kuandika upya. Austen mwenyewe, mwaka 1816, alikuwa ameshaimaliza Persuasion alipoona kwamba onyesho la kupatana halijamridhisha. Katika toleo lile la kwanza, Wentworth anatumwa na shemeji yake amuulize Anne kama ni kweli kwamba ataolewa na binamu yake; Anne anakana, na muda mfupi baadaye mambo yamekwisha. Alilitupa, akaandika lile tunalolijua: Anne anazungumza na mtu mwingine kuhusu nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, mwanamume au mwanamke, na Wentworth, aliyeketi karibu akijifanya yumo katika shughuli ya kuandika, anasikia, kisha anamwandikia barua hapo hapo. Kurasa zilizotupwa bado zipo, zimehifadhiwa katika British Library, London, na kila mwandishi mchanga angefaa kulinganisha maonyesho hayo mawili. Katika la kwanza wahusika wanasukumwa na swali la mtu mwingine. Katika la pili Anne ameamua kusema na Wentworth ameamua kuandika. Ile barua ambayo kiburi kilimzuia kuiandika mwaka 1808 hatimaye anaiandika mbele ya macho yetu.

SWALI: Je, niweke kisengere nyuma ngapi, yaani sehemu zinazorudi kwenye matukio ya zamani? Mwalimu wangu alisema zisizidi tatu.

JIBU: Idadi haina maana yoyote. Rudi nyuma pale tu ambapo tukio la zamani linabadilisha jinsi tunavyoliona la sasa, na ukirudi, rudi kwa ufupi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufungua riwaya kwa sura nne za ujana wao zilizojaa jua na kicheko, kabla hatujaona kwamba kuna kitu kilichopotea. Furaha isiyo na kivuli huchosha hata kama imeandikwa vizuri. Anza na watu wazima. Ujana utauhitaji baadaye, nao utakuwa umepata utamu kwa sababu tutakuwa tumeshajua kwamba ulikwisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke niliyeolewa kwa miaka 11, na nina amani na mume wangu. Tatizo ni kwamba ninazipenda mno riwaya hizi za wapenzi wa zamani. Mwanzoni mume wangu aliniuliza kwa utani ninamkumbuka nani. Siku hizi sidhani kwamba ni utani. Je, kusoma vitabu vya namna hii kunaweza kunidhuru, au kunaidhuru ndoa yangu?

JIBU: Dada yangu, riwaya si mshenga. Mtu anaweza kusoma habari za wezi usiku kucha na asubuhi asiguse cha mtu. Lakini swali la mumeo si la kijinga, na ningependa kulijibu kwa makini zaidi kuliko kukwambia tu uendelee kusoma.

Kwanza, si ajabu kwamba visa hivi vinakushika. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu waliovuka umri wa makamo, wanapoombwa kusimulia maisha yao, hukumbuka mambo mengi kupita kiasi ya kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 hivi, kuliko ya miaka iliyofuata. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza, na mapenzi ya kwanza yamo humo. Anayesoma riwaya ya mpenzi wa zamani mara nyingi hamkumbuki mtu fulani; anajikumbuka yeye mwenyewe alivyokuwa, kabla ya ada za shule na kodi ya nyumba. Hilo unaweza kumweleza mumeo bila kuona haya, na huenda ukagundua kwamba naye anamkumbuka kijana mmoja, ambaye ni yeye.

Pili, kumbukumbu haitunzi mambo kama yalivyotokea. Mwanasaikolojia wa Uingereza Frederic Bartlett, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, alionyesha kwamba kila tunapokumbuka tunajenga upya, tukiacha yale yasiyotufaa na kurekebisha mengine yapate kueleweka kwetu. Mpenzi wa ujanani amejengwa upya mara nyingi kiasi hicho, na hajawahi kupata nafasi ya kutusahihisha. Mume hawezi kushindana naye, kwa kuwa mume anaonekana kila asubuhi. F. Scott Fitzgerald aliandika riwaya nzima juu ya maafa haya, The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925: mtu anayejikusanyia mali na kununua jumba ili amrudishe mwanamke aliyetengana naye miaka mitano iliyopita, na anayetaka mwanamke huyo aseme kwamba hajawahi kumpenda mume wake hata kidogo. Mwanamke hawezi kusema hivyo, maana si kweli. Kisa kinaishia pabaya, na hakika si riwaya tulivu.

Tatu, na hapa ndipo ninapomwelewa mumeo, kuna watu wanaotoka kwenye kitabu wakaingia kwenye simu. Nancy Kalish, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya maelezo ya watu zaidi ya 1,000 waliojaribu kurudiana na wapenzi wao wa zamani, na mwaka 1997 akayachapisha. Alikuta kwamba wengi waliotengana ujanani hawakuachana kwa chuki bali kwa sababu za nje yao, hasa pingamizi la wazazi, na kwamba waliokutana tena wakiwa huru mara nyingi walidumu pamoja. Lakini mtafiti huyo huyo, aliyekuwa na kila sababu ya kuyasifu mapenzi haya, aliwaonya vikali walio katika ndoa wasianze kuwasiliana na wapenzi wa zamani "kusalimiana tu", kwa kuwa hisia hizo hurudi kwa kasi ambayo wenyewe hawaitarajii.

Utaona kwamba waandishi wa riwaya tulivu wanaijua hatari hiyo. Karibu wote huhakikisha kwamba wahusika wao ni wajane, wametalikiana, au hawajawahi kuoa wala kuolewa, ili msomaji aliye na ndoa yenye amani aweze kufurahia kisa bila mtu yeyote kulia chumba cha pili. Pengine umezichagua riwaya hizi kwa sababu hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kwamba kitabu kimoja umpe mumeo akisome, halafu mbishane juu yake: mhusika gani alikosea zaidi, na kama angestahili kusamehewa. Watu wanaobishana juu ya kitabu hawana haja ya kuulizana kwa kuzunguka.

SWALI: Mchapishaji mmoja amenirudishia mswada akisema kwamba riwaya yangu ni "safi mno" na haina joto. Sitaki kuandika mambo ya kitandani. Je, joto nitalipata wapi?

JIBU: Utulivu hauna maana ya kukosa hamu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kazi yako ni kuwaonyesha wahusika wakijitahidi kuyaficha. Mahali pengine yanapojitokeza ni katika namna wanavyoitana. Watu wazima waliokutana tena mbele ya wengine wataitana kwa heshima, "Bwana" fulani na "Bi" fulani, ingawa zamani waliitana kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Shikilia heshima hiyo kwa sura nyingi kadiri uwezavyo. Kisha, siku moja, katikati ya shughuli ya kawaida kama ya kuhamisha meza, lile jina la utani limponyoke mmoja wao. Usiongeze neno. Mwache mwenzake aendelee kushika upande wake wa meza bila kuuinua. Kurasa zako zitakuwa na joto kuliko zile za waandishi wanaohesabu vifungo vya nguo.

Jambo la pili ni mwili wenyewe, ambao waandishi waoga huusahau kabisa. Mtu wa miaka 40 anajua kwamba si yule wa miaka 18, na aibu yake ya kuonwa tena na mtu aliyemwona akiwa kijana ni hisia nzito, yenye kuchekesha na kuumiza kwa pamoja. Kuiandika hakuhitaji kitanda. Kunahitaji kioo, na dakika chache kabla ya kutoka nyumbani.

SWALI: Mimi ni mstaafu, na ninataka kuandika juu ya wapenzi wa kwanza wanaokutana wakiwa na umri wa miaka 65 na zaidi. Binti yangu anasema hakuna atakayeisoma. Pia ninauliza kama ni lazima mwisho wawe wameoana, maana wahusika wangu wana watoto wakubwa ambao hawapendi jambo hilo.

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Naanza na swali la pili, kwa sababu ni jepesi. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, kiliitambulisha riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili tu: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini chake, na mwisho uuridhishe moyo na uwe na matumaini. Ndoa haikutajwa. Wahusika wako wanaweza kuishi kila mmoja kwake na kuonana kila alasiri, ilimradi msomaji aamini kwamba wamechagua na kwamba uchaguzi huo ni wa kweli. Kuhusu watoto wakubwa, nakusihi usiwafanye wabaya. Mtoto anayeona mama yake akicheka kwa namna ambayo hakuwahi kucheka na marehemu baba yake ana haki ya kuumia, na riwaya tulivu hupata nguvu yake pale kila mtu anapokuwa na haki yake.

Ama kuhusu umri, mwambie binti yako kwamba mojawapo ya riwaya za mapenzi zilizosomwa zaidi katika karne iliyopita ni ya wazee. Katika El amor en los tiempos del cólera (yaani, Mapenzi Wakati wa Kipindupindu), aliyoitoa mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez mwaka 1985, miaka mitatu baada ya kupata Tuzo ya Nobel, Florentino Ariza anasubiri miaka 51, miezi tisa na siku nne, mpaka mume wa Fermina Daza, mwanamke aliyemkataa ujanani, afariki dunia. Usiku ule ule wa msiba anamwendea mjane na kumwambia kwamba bado anampenda. Fermina anamfukuza, na nadhani kila msomaji mwenye adabu anaunga mkono.

Ninakitaja kisa hiki kwa sababu ya kinachofuata, ambacho kinakuhusu wewe moja kwa moja. Alipokuwa kijana, Florentino alimwandikia Fermina barua nyingi za mahaba zilizojaa maua na viapo. Sasa, akiwa mzee, anatambua kwamba barua za namna ile hazitamgusa tena mwanamke aliyezaa, aliyelea na aliyezika. Anajifunza kupiga taipu, na badala ya kumbembeleza anamwandikia tafakuri juu ya maisha, uzee na kifo, bila kugusia mapenzi yao ya zamani, kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Barua hizo ndizo zinazomsaidia Fermina kuupokea ujane wake, na ndizo zinazomfungulia Florentino mlango. Uaminifu wa miaka 51 haukumfikisha popote hadi alipojifunza kumwandikia mtu aliyepo.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wahusika wako wa miaka 65 wana faida ambayo vijana hawana: hawawezi kujidanganya kwamba wana muda wa kupoteza. Kwa hiyo usiwape sababu ndogo ndogo za kuchelewa. Wape jambo moja kubwa ambalo hawajawahi kuambiana, uliweke katika sura ya kwanza ili msomaji ajue kwamba lipo, na usiruhusu lisemwe mpaka mmoja wao awe ameshaanza kumpenda mwenzake alivyo sasa, pamoja na dawa zake za asubuhi, ukaidi wake, na tabia yake ya kusimulia kisa kimoja mara tatu. Mswada ukikamilika tuletee sura mbili za mwanzo; tutazisoma, na binti yako tutamwandikia sisi wenyewe.